Programu Iliyogoma Bila Kuguswa: pandas, NumPy na Siku ya Usakinishaji

Mwanzoni mwa Julai 2024 nilipigiwa simu na kijana anayeshughulikia kompyuta katika chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Machi ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimewaandikia programu ndogo kwa lugha ya Python, inayosoma orodha ya mapokezi ya maziwa, yaani faili la CSV lenye tarehe, kituo, zamu na lita, kisha kujumlisha lita za kila kituo na kutoa ripoti ya mwezi ambayo ndiyo msingi wa malipo ya wafugaji.

"Shikamoo dada," alisema. "Ile programu ya maziwa imegoma."

"Marahaba. Imegomaje? Kuna kitu umebadilisha?"

"Sijagusa kitu, dada. Kompyuta ya zamani ilikufa, ikanunuliwa nyingine, nikafuata maelekezo yako yale yale, neno kwa neno."

Nilimwamini, na kadiri nilivyolichunguza tatizo ndivyo nilivyozidi kuona kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Kijana huyu alifuata maelekezo yale yale, kwa programu ile ile, akapata matokeo tofauti na yangu, na tofauti pekee iliyokuwapo kati yetu ilikuwa siku ambayo kila mmoja wetu alisakinisha. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaotunza programu ndogo kama hii katika zahanati, shule na vyama vya ushirika, kwa sababu nimeona watu wazima wakipoteza siku tatu wakitafuta kosa ndani ya msimbo wao wakati msimbo hauna hatia yoyote.

Maelekezo niliyomwachia yalikuwa amri moja ya pip, zana inayopakua na kusakinisha vifurushi vya Python: `pip install pandas==1.5.3`. Nilipoandika alama zile mbili za sawasawa nilijiona nimekuwa mwangalifu, maana nilikuwa nimetaja toleo kamili badala ya kumwambia achukue lolote litakalokuwapo. Lakini pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali ya data, haisimami peke yake. Chini yake ipo NumPy, maktaba inayobeba hesabu zote za safu za namba, na pandas 1.5.3, iliyotoka Januari 2023, inatangaza katika maelezo yake kwamba kwa mtumiaji wa Python 3.10 inahitaji NumPy 1.21.0 au jipya zaidi. Sakafu imetajwa, dari haikutajwa. Mimi niliposakinisha, toleo jipya zaidi la NumPy lilikuwa 1.24.2, nalo likaingia bila mimi kuliita. Tarehe 16 Juni 2024 ikatoka NumPy 2.0.0, toleo kubwa la kwanza tangu 1.0 ya mwaka 2006, na wiki chache baadaye kijana wangu akaandika amri ile ile kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, ambao unakuja na Python 3.10. Pip ilitii yote mawili: pandas ikachukua 1.5.3 kama ilivyoagizwa, na NumPy ikachukua iliyo mpya kuliko zote, kwa sababu 2.0.0 ni kubwa kuliko 1.21.0 na hakuna aliyeikataza.

Usakinishaji wenyewe ulikwisha salama, na neno la mwisho kwenye skrini lilikuwa la mafanikio. Kosa lilitokea baadaye, kwenye mstari wa kwanza kabisa wa programu, pale panapoandikwa `import pandas`, nalo lilisomeka hivi:

`ValueError: numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility. Expected 96 from C header, got 88 from PyObject`

Ujumbe huu unatisha kwa sura tu. Ukiutazama kwa utulivu unasema jambo la wazi sana. Sehemu muhimu ya pandas haikuandikwa kwa Python ya kawaida, bali ni msimbo uliokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine kabla haujakufikia, na wakati wa kutafsiriwa ulipewa vipimo vya NumPy ya siku ile. Uliambiwa kwamba kitu kiitwacho `dtype` kinachukua baiti 96 kwenye kumbukumbu. Ulipofika kwenye kompyuta mpya ukakuta NumPy inayoleta baiti 88, ukasimama palepale badala ya kuendelea na kusoma kumbukumbu mahali pasipostahili. Nadhani ulifanya vyema kusimama. Fundi aliyechonga mlango kwa vipimo vya fremu ya zamani hawezi kulaumiwa mlango ukikataa kuingia kwenye fremu mpya.

Nilimwomba aandike `python3 -m pip check`, amri inayokagua kama vifurushi vyote vilivyosakinishwa vinapatana, nayo ikajibu kwamba hakuna mahitaji yoyote yaliyovunjika. Jibu hilo lilimchanganya kuliko kosa lenyewe. Inafaa kulielewa: amri hii haijaribu vifurushi, haiviendeshi, wala haipimi baiti, inasoma tu yale ambayo waandishi wa kila kifurushi waliyatangaza, na waandishi wa pandas walitangaza Januari 2023, miezi 17 kabla ya NumPy 2.0.0 kuwapo. Siwalaumu kwa kutoweka dari. Maktaba inayotumiwa na maelfu ya programu nyingine ikijiwekea dari kwa kuhofia matoleo ambayo bado hayajaandikwa, itamfungia njia kila mtu anayehitaji kuiunganisha na kitu kipya. Anayepaswa kuweka dari ni yule anayeandika programu ya mwisho, ile inayokaa mezani kwa karani, na katika jambo hili huyo alikuwa mimi.

Kabla ya kumpa dawa nilimuuliza swali ambalo sasa ninaliuliza kabla ya mengine yote: ni Python gani inayozungumza? Amri yake ni `python3 -m pip --version`, na jibu linataja toleo la pip, folda inakokaa, na toleo la Python inayoihudumia. Nimewahi kukaa na mtu asubuhi nzima akisakinisha kifurushi kile kile mara nne, kila mara akiambiwa kipo tayari, na kila mara programu yake ikilalamika kwamba hakipo, kumbe kompyuta ilikuwa na Python mbili, neno `pip` likiita ya kwanza na neno `python3` likiita ya pili. Ndiyo maana siandiki tena `pip install` peke yake katika maelekezo yoyote; ninaandika `python3 -m pip install`, ili Python itakayoendesha programu iwe ndiyo hiyo hiyo inayopokea mzigo.

Dawa ya siku ile ilikuwa fupi: `python3 -m pip install "numpy<2"`. Alama za kunukuu zina kazi yake, kwani ukiziacha, teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inaichukulia alama ya ndogo-kuliko kuwa ni agizo la kusoma faili linaloitwa 2, kisha inakuambia kwamba faili hilo halipo, nawe unabaki ukijiuliza faili gani tena. Nilimtajia alama hizo mara mbili kwenye simu. Pip ikaiondoa 2.0.0, ikaweka 1.26.4, na ripoti ya Juni ikatoka jioni ile.

Hapo nikafanya jambo ambalo lilikuwa sahihi, ila halikutosha. Nilirudi kwenye kompyuta mpakato yangu, ile iliyoandikiwa programu, nikaendesha `python3 -m pip freeze`, amri inayoorodhesha kila kifurushi pamoja na toleo lake, nikapata mistari mitano: numpy 1.24.2, pandas 1.5.3, na vile vitatu vidogo vinavyofuatana nayo, python-dateutil, pytz na six. Nikaihifadhi kama faili la mahitaji, nikamtumia, nikaona nimeziba kila tundu. Orodha ile ilitaja kila kitu isipokuwa Python yenyewe.

Januari 2025 chama kikafungua ofisi ya pili na kununua kompyuta yenye Ubuntu 24.04. Simu ya kwanza ilikuwa kuhusu kosa la `externally-managed-environment`, na hilo nitalipita haraka. Matoleo ya karibuni ya Ubuntu na Debian yanamkataza mtumiaji kumwaga vifurushi vya pip ndani ya Python ya mfumo endeshi, kwa sababu zana za mfumo wenyewe zinaitegemea. Katazo hilo ni la haki. Ipo njia ya kulivunja kwa nguvu, na imetapakaa mitandaoni, nami ninamsihi kila mtu asiitumie kwenye kompyuta ya kazi. Njia ya kweli ni kutengeneza mazingira ya pembeni kwa `python3 -m venv maziwa`, baada ya kusakinisha kifurushi cha mfumo kiitwacho `python3-venv`, kisha kufanya kila kitu humo ndani. Ukiharibu, unafuta folda moja na kuanza upya, na kompyuta haitikisiki.

Simu ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Ndani ya mazingira yale mapya alitumia faili langu la mistari mitano, na safari hii usakinishaji wenyewe ndio uliokwama, ukiacha skrini nzima ya maandishi mekundu yaliyoishia na `AttributeError: module 'pkgutil' has no attribute 'ImpImporter'`. Alikuwa ameshatafuta maneno hayo mtandaoni na kuambiwa apandishe toleo la setuptools, zana ya kujengea vifurushi vya Python. Alilipandisha, na kosa likarudi vile vile bila kupungua herufi.

Nilimwambia aache mstari wa mwisho, apandishe skrini hadi juu kabisa, anisomee faili la kwanza lililopakuliwa. Akasoma taratibu: numpy, 1.24.2, tar, gz.

Herufi hizo za mwisho ndizo zilizokuwa habari yenyewe. NumPy inapotolewa, huwekwa kwenye hazina ya vifurushi kwa sura mbili. Ya kwanza ni mafaili yenye kiambishi `.whl`, ambayo yamekwisha kutafsiriwa kwa ajili ya Python fulani na mfumo fulani, na pip ikipata linalofaa inalifungua tu na kulipanga. Ya pili ni `.tar.gz`, yaani msimbo ghafi, ambao pip huuchukua pale tu inapokosa `.whl` inayofaa, na hapo inalazimika kuujenga kwenye kompyuta yako. Jina la faili la `.whl` lina kila kitu unachohitaji kujua. Chukua hili: `numpy-1.26.4-cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl`. Linataja kifurushi na toleo, kisha `cp312`, maana yake Python 3.12 ya kawaida, kisha familia ya Linux yenye maktaba ya C kuanzia toleo 2.17, kisha aina ya prosesa. Python 3.12 ilitoka Oktoba 2023. NumPy 1.24.2 ilitoka Februari ya mwaka huo huo, kwa hiyo haina faili lolote lenye `cp312`, na NumPy ya kwanza kuwa nalo ni 1.26.0 ya Septemba 2023. Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12. Faili langu la mahitaji lilikuwa linaagiza kitu ambacho kwa kompyuta ile hakikuwahi kutengenezwa, na pip, kwa utiifu wake, ikajaribu kukitengeneza yenyewe.

Ikashindwa kwa sababu inayoeleweka. NumPy 1.24.2 inaagiza ijengwe kwa setuptools 59.2.0, toleo hilo hilo na si jingine, na toleo hilo linaita `pkgutil.ImpImporter`, kitu kilichoondolewa katika Python 3.12. Ushauri wa kupandisha setuptools haukusaidia kwa sababu pip hujengea vifurushi katika mazingira ya muda yaliyojitenga, ambamo husakinisha upya zana zile tu zilizoagizwa na kifurushi chenyewe. Setuptools mpya ya kijana ilikaa nje ya chumba hicho ikisubiri kazi ambayo isingepewa kamwe. Nasikitika kila ninapoona ushauri huo ukirudiwa, maana unamfanya anayeanza aamini kwamba ameukosea kuufuata.

Kwa wanaolipia intaneti kwa bando, kosa la namna hii lina gharama ya wazi. Msimbo ghafi wa NumPy 1.24.2 ni karibu megabaiti 11, na ukijaribu matoleo sita tofauti uliyookota huku na huko, ukipakua na zana za kujengea, vocha inaisha kabla ya tatizo. Siku hizi ninaongeza `--only-binary=:all:` kwenye kila amri ya kusakinisha. Inaikataza pip kugusa msimbo ghafi, na kama hakuna `.whl` inayofaa inasimama mara moja na kusema kwamba toleo hilo halikupatikana, ambalo ni jibu la kweli na fupi kuliko skrini nzima ya maandishi mekundu.

Palikuwa na njia mbili. Ningeweza kusakinisha Python 3.10 kando ya ile ya mfumo na kuendelea na mistari yangu mitano, na kwa programu kubwa yenye mafungamano mengi ningefanya hivyo bila kusita. Hii ilikuwa na mistari isiyofika 300, nami nikaamua kuihamishia pandas 2.2.2 na NumPy 1.26.4, ambazo zote zina mafaili ya `cp312`. Usakinishaji ukachukua chini ya dakika mbili. Niliendesha programu kwenye orodha ya Desemba, ikagoma mara moja mahali nilipotumia `append` kuunganisha majedwali, kwa sababu pandas 2.0 ya Aprili 2023 iliifuta amri hiyo. Nikabadilisha kuwa `pd.concat`, mistari miwili, ikaenda hadi mwisho bila kosa.

Nilifungua ripoti. Kila kituo kilikuwa na mstari wake, na jumla za lita zilikuwa sawa. Pembeni yake, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kitu, palikuwa na safu mpya yenye maandishi kama haya: `asubuhijioniasubuhijioniasubuhijioni`, yakiendelea hadi nje ya ukingo wa karatasi.

Programu ilikuwa imejumlisha zamu. Katika matoleo ya zamani, ukipanga data kwa vituo na kuita `sum()`, pandas ilikuwa inaziacha kimyakimya safu zisizo za namba, na mimi nilikuwa nimeutegemea ukimya huo bila kujua kwamba ninautegemea. Kuanzia 2.0 haiziachi, na kwa kuwa kujumlisha maneno katika Python ni kuyaunganisha, iliunganisha zamu zote 62 za mwezi wa Desemba kwa kila kituo. Hapakuwa na kosa, hapakuwa na onyo. Bahati ni kwamba maneno yanaonekana kwa macho. Kama safu ile ingekuwa na namba za simu zilizohifadhiwa kama maneno, zingeungana kuwa tarakimu ndefu, na karani mwenye haraka angeweza kuzidhania kuwa kitu kingine. Marekebisho yalikuwa kutaja ninachotaka kijumlishwe: `groupby("kituo")["lita"].sum()`.

Nililazimika pia kukiri jambo nilipoufungua tena msimbo wa mwaka 2023. Juu kabisa niliukuta mstari wa kuzima maonyo yote, ambao niliuweka ili skrini ya karani ibaki safi. Pandas 1.5.3 ilikuwa ikionya juu ya `append` na juu ya tabia ile ya kuacha safu, yote mawili, kila ripoti ilipotolewa, na mimi ndiye niliyeifunga mdomo. Mstari huo nimeufuta. Maonyo sasa yanaandikwa kwenye faili la kumbukumbu, nami hulisoma kila ninapotembelea ofisi.

Kisha nilitengeneza furushi la safari. Kwenye kompyuta yenye Ubuntu 24.04 na Python 3.12 kama ya ofisi, maana mafaili ya `.whl` ya NumPy na pandas hayahamishiki kwa Python nyingine, niliendesha `python3 -m pip download --only-binary=:all: -r mahitaji.txt -d furushi`, nikapata folda yenye mafaili yote, kubwa kuliko yote likiwa la NumPy lenye megabaiti 18 hivi. Nikaliweka kwenye flashi pamoja na faili la mahitaji, ambalo mstari wake wa kwanza sasa ni maelezo yanayotaja Python 3.12, Ubuntu 24.04 na tarehe niliyojaribu, na pamoja na orodha ya Desemba na jumla zake sahihi, ili atakayesakinisha aendeshe mwezi huo kwanza na kulinganisha lita kwa lita kabla ya kuugusa mwezi mpya.

Flashi ilikwenda kwa basi. Kijana akaandika `python3 -m pip install --no-index --find-links furushi -r mahitaji.txt` akiwa amezima intaneti kabisa, akaendesha Desemba, akanisomea jumla za vituo vyote kwenye simu nami nikizifuata kwa kalamu kwenye karatasi yangu. Zililingana hadi nusu lita. Akaniuliza kama sasa anaweza kuwasha data aanze Januari, nikamwambia aanze.